Rangi ya Msellem

Siku Msellem alipokufa, ngazi yake ilibaki imeegemea ukuta wa nyumba ya wageni mjini Malindi, kopo la rangi likining'inia juu yake. Alikuwa ameshuka kunywa maji. Aliketi kivulini, akasema kichwa chamgonga, kisha akalala ubavu kama mtu anayejiegesha kidogo. Wenzake walimwacha apumzike. Walipomwita chai hakuitika.

Aliletwa kwao Mambrui kabla ya adhuhuri. Akaoshwa, akasaliwa, akazikwa baada ya alasiri. Daktari alikuwa amesema ni presha, na neno hilo lilizunguka barazani jioni nzima, watu wakilipokezana kama kikombe cha kahawa. Presha. Mtu wa miaka arubaini na kidogo, tena mwembamba. Hakuna aliyeuliza zaidi. Siku yake ilikuwa imefika, na siku ya mtu haiulizwi.

Magharibi ilipoingia, wanawake walimvua mkewe, Kaltuma, bangili na herini, wakamvika nguo nyeupe, wakampeleka chumba cha ndani. Afiya, binti yake wa miaka mitatu, aliingia nyuma yake akiwa ameshika upindo wa nguo. Bi Mwanaesha, mavyaa wake, ndiye aliyetandika godoro sakafuni kwa mikono yake mwenyewe, ingawa aliyekufa alikuwa mwanawe.

"Hapa ndipo pako," alisema. "Miezi minne na siku kumi. Usivuke kizingiti cha nyumba mpaka eda yako iishe."

"Najua, mama."

"Najua wajua. Nasema ili na mimi nisikie."

Chumba kile kilikuwa cha manjano. Kaltuma alipokuwa na mimba ya Afiya, Msellem alisimama mlangoni akakitazama, akasema, "Utakaa arubaini yako humu gizani kama popo?" Mafundi rangi wa Malindi wana ada yao: kazi ikiisha, kinachobaki koponi ni cha fundi. Msellem alikuwa na makopo mengi ya namna hiyo, mengine yametoka ghala za hoteli zilizofungwa zamani, vifuniko vimeota kutu hadi vikafunguliwa kwa nyundo. Hayo ndiyo aliyoyapenda. Alisema rangi ya mafuta ya zamani ilikuwa rangi, si hii ya siku hizi inayokimbia mvua. Akachanganya manjano tatu tofauti na nyekundu kidogo, mpaka akapata rangi kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Chumba kikawaka. Waliokuja kumwona mtoto walianza kwa kuusifu ukuta, na kabla mwaka haujaisha, madirisha kadhaa ya mtaa ule yalikuwa na rangi hiyo hiyo. Watu waliiita rangi ya Msellem.

Lakini ukuta wa matumbawe hunywa chumvi, na ukuta ulioshiba chumvi hutapika rangi. Kila mwaka Msellem aliukwangua palipobabuka, vumbi likaanguka juu ya mkeka na vyombo, akapaka tena. Mwaka huu hakuwahi.

*

Afiya alipenda kulala upande wa dirisha. Mama yake akipokea wageni wa taazia, yeye alikuwa akipekua ukuta kwa ukucha. Kipande kikibanduka alikitia kinywani.

"Tema," Kaltuma alimwambia.

"Tamu," Afiya akajibu, akaendelea kutafuna.

Wanawake waliokuwepo waliangua kicheko. Bi Mwanaesha aliinua kichwa kutoka kwenye tasbihi yake. "Mwache. Wewe kwa mimba yake ulikula udongo kiasi gani? Kila nikimtuma mtu dukani, ni udongo wa Kaltuma. Sukari tutasahau, udongo hatusahau. Sasa mtoto karithi, wamgombeza nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka ndani ya nyumba ile tangu mazishi. Kaltuma naye akacheka, na kwa sababu alikuwa amecheka, hakuona vyema kumkataza tena.

Baadaye Afiya alianza kulia tumbo. Choo alikipata kwa shida. Uso ulipauka, na chakula alikisukuma kando. Kilichomshangaza Kaltuma zaidi ni maneno. Afiya alikuwa mtoto wa maneno mengi, akijua kuhesabu kuku wa jirani na kumwiga muuza samaki. Sasa alikuwa akitafuta neno, halipati, anapiga kelele na kutupa alichoshika.

"Amemkosa babake," watu walisema, na hilo halikuwa uongo. Bi Mwanaesha alimnywesha kombe la aya za Kurani, akamfunga hirizi, akampaka wanja machoni na kwenye nyusi ili jicho la watu lisimpate. Kila jambo alilifanya kwa makini. Alikuwa amempoteza mmoja na hakutaka mwingine aguswe.

*

Tangazo lilitolewa msikitini na kwa mzee wa mtaa: watu wa afya wa kaunti wangepita nyumba zenye watoto wadogo, kupima rangi za kuta na kuangalia damu. Wengine walisema ni kodi mpya inatafutwa. Wengine walisema ni siasa. Gladys, mwanamke wa Jilore aliyekaa nyumba ya kuvuka kichochoro na kukaanga viazi karai mlangoni pake, alisema, "Waje tu. Mimi ukuta wangu ni udongo mtupu, wakipata rangi wanipe na mimi."

Walikuja asubuhi, wawili. Kadzo alikuwa afisa wa afya, mwanamke wa Kaloleni, mnene kidogo, na viatu vilivyojaa vumbi. Mwenzake, Dedan, alibeba mashine iliyofanana na bunduki ya mtoto ya kuchezea.

"Hodi!"

"Hodi ya nani?" Bi Mwanaesha aliuliza kutoka ukumbini.

"Ya afya, mama. Ya serikali. Shikamoo."

"Marahaba. Serikali ina wanaume?"

"Ina mmoja, mama. Huyu hapa."

"Basi huyo mmoja abaki hapo barazani. Humu mna mtu wa eda."

Kadzo na Dedan walitazamana. Mwenye kazi ya kushika mashine alikuwa Dedan. Kadzo alikuwa amefundishwa lakini hajawahi kuishika peke yake. Hata hivyo hapakuwa na njia nyingine. Kadzo akavua viatu, akaichukua mashine kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake, akaingia ndani. Dedan akabaki nje ya dirisha, mgongo umeugeukia ukuta kwa heshima, akifundisha kwa sauti ya juu.

"Igandishe ukutani kabisa!"

"Imeganda!"

"Bonyeza, usiachie!"

"Nabonyeza. Haisemi kitu."

"Umeifungua kufuli?"

"Kufuli ipi?"

"Ile niliyokuonyesha juzi, wewe ukawa wala muhogo!"

Kutoka ng'ambo ya kichochoro Gladys akapaza sauti, "Mwambie muhogo umekwisha, sasa afanye kazi!" Mtaa ukacheka. Hata Kaltuma, aliyekuwa amekaa godoroni na Afiya mapajani, aliuficha uso ndani ya mtandio.

Mashine ikalia. Kadzo akaisoma namba.

"Soma tena," Dedan alisema.

Akasoma tena.

"Pima kwengine. Juu ya godoro. Halafu fremu ya dirisha."

Kadzo alipima, akasoma, na kila aliposoma Dedan alisema tu "haya," kwa sauti ndogo. Mzaha ulikuwa umemtoka. Kadzo aliona wanja machoni mwa mtoto, akaomba aonyeshwe kichupa. Mashine ikalia juu ya wanja pia, ingawa kwa namba ndogo zaidi.

"Na wanja nao una kosa?" Bi Mwanaesha aliuliza mlangoni. "Nilipakwa wanja huo na nyanyangu. Kesho mtatupima kope."

"Si kosa lako, mama. Kwa sasa usimpake huyu, tafadhali."

Kisha akachoma kidole cha Afiya, akanyonya tone la damu kwa kijibomba chembamba, akalitia katika kifaa kingine alichokuwa nacho mkobani. Afiya alilia mpaka sauti ikakwama. Kadzo aliitazama namba iliyotokea kwa muda, halafu akaketi chini kwenye mkeka, miguu ameikunja, kama mgeni wa kawaida.

"Nani alipaka rangi hii?"

"Marehemu," Kaltuma alisema.

Kadzo aliinamisha macho. "Mungu amrehemu," alisema, ingawa yeye alikuwa Mkristo. Akaeleza polepole. Rangi ile ina risasi, madini yale yanayotiwa ndani ya betri za gari. Zamani yalitiwa katika rangi za mafuta, hasa manjano na nyekundu, ili ziwake na zidumu. Siku hizi hayaruhusiwi, lakini makopo ya zamani yangali yanazunguka. Mtoto akiyala, au akivuta vumbi lake, yanaingia damuni, na kutoka damuni yanapanda kichwani. Aliyopata Afiya yalikuwa mengi.

"Atakufa?" Kaltuma aliuliza.

"Sisemi hivyo. Lakini kila siku anayolala humu, yanaongezeka. Na kinachoharibika kichwani mwa mtoto, dada, sisi hatuna dawa ya kukirudisha. Tuna njia ya kukizuia tu."

Njia yenyewe ilikuwa rahisi kuisema. Vijana wa kaunti wangekuja kuikwangua rangi kwa maji, si kwa ukavu, wakaibeba yote kwenye mifuko, wakasafisha, wakapaka rangi nyingine. Hakuna malipo. Lakini watu wote wa nyumba watoke mpaka kazi iishe na vumbi litulie.

"Wote?" Bi Mwanaesha aliuliza.

"Wote, mama."

"Mwenye eda hatoki."

"Mama, mtoto…"

"Nimesikia ya mtoto. Nawe sikia ya kwetu. Mwenye eda hatoki. Na rangi hii haikwanguliwi. Mwanangu hana hata picha ya maana aliyoniachia. Ameniachia hiki." Aliupiga ukuta kwa kiganja, na unga wa manjano ukabaki mkononi mwake.

*

Walijaribu kumtoa mtoto peke yake. Amjad, mdogo wake Msellem, alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki Malindi na mke mpole. Alikuja, akazungumza na shemeji yake kwa nyuma ya pazia.

"Shemeji, nipe Afiya. Kwangu ana wenzake. Eda ikiisha utamchukua."

"Hajalala nje ya mikono yangu hata siku moja, shemeji."

"Atazoea. Watoto huzoea."

Afiya hakuzoea. Aliingia chini ya kitanda cha Amjad, akakataa kutoka. Hakula wali, hakula mkate, hakuligusa ini alilopikiwa kwa sababu Kadzo alikuwa amesema ale vitu vya kuongeza damu. Mke wa Amjad alilala sakafuni akimbembeleza. Mtoto akamwuliza, "Mama mmemzika wapi?"

Babake alitoka nyumbani hakurudi, na sasa mama yake hakuonekana. Alikuwa amejumlisha mwenyewe.

Amjad alimrudisha Mambrui siku ya pili. Alimpitisha pazia, kisha akakaa barazani kwa muda mrefu akijifuta uso kwa kofia. Afiya alimshika mama yake shingoni kwa mikono miwili, akalala hapo hapo, na mguu wake ukiwa umeugusa ukuta wa manjano.

Bi Mwanaesha alihamishia godoro katikati ya chumba. Alifagia vipande vilivyoanguka, akatundika kanga dirishani. "Sasa hafikii," alisema. Lakini aliyefagia alikuwa yeye, kwa fagio kavu la makuti, na vumbi lilipanda, likaning'inia kwenye mwanga, likawashukia wote watatu.

*

Gladys ndiye aliyesema jambo lile kwanza. Alikuwa ameleta bakuli la mchicha kama kawaida yake.

"Bi mkubwa," alimwambia Bi Mwanaesha, "chumba changu cha nyuma hakina mtu. Mlango wake u uani. Mume sina, mwanamume haingii kwangu ila mwenye kusoma mita ya maji, na huyo huishia nje. Kaltuma si aje akae pale? Ni kuvuka kichochoro."

"Akakalie eda nyumba ya nguruwe?"

Gladys alicheka mpaka akashika ukuta. "Nguruwe! Bi mkubwa, nguruwe nitamtoa wapi kwa bei hii? Mimi hata kuku namwona kwa macho. Njoo ukague sufuria zangu. Ukikuta nguruwe, mle, nami nitakuunga mkono."

Bi Mwanaesha alijizuia asicheke, akashindwa kidogo upande mmoja wa mdomo. Kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Neno si chumba chako, Gladys. Neno ni kuwa hatoki."

Basi Amjad akaenda kwa maalim. Aliporudi alikaa ukumbini, karibu na pazia ili Kaltuma asikie.

"Maalim amesema mwenye eda hukaa katika nyumba ya mumewe. Lakini nyumba ikiwa yataka kuanguka, au pakiwa na hofu ya madhara, ahamie pengine, aendelee na eda yake pale alipohamia. Hana dhambi. Akasema, na mimi namnukuu, 'Kwa nini mmekaa muda wote huu bila kuja kuuliza?'"

Kweli hawakuuliza. Kila mmoja alikuwa na hakika ya jibu.

"Maalim ana ilimu," Bi Mwanaesha alisema mwishowe. "Siikatai. Lakini yeye hakumzaa Msellem. Nyumba haijaanguka. Mwataka niseme nini? Niseme kuwa mwanangu alipaka sumu chumba cha mwanawe?"

"Mama, hakuna aliyesema hivyo."

"Huyo mwanamke wa Kaloleni amesema. Kwa adabu, lakini amesema."

Ndani, Kaltuma alikuwa akimlisha Afiya uji. Mtoto alikifungua kinywa, akakiacha wazi, kama aliyesahau kinachofuata. Kaltuma alingoja. Uji ulimwagika kidevuni. Alimfuta, akaweka kijiko chini, akaanza kukunja nguo.

*

Alitoka kesho yake mchana, wakati watu wanapoona. Angeweza kungoja giza, na Gladys alimshauri hivyo. "Sijaiba kitu," Kaltuma alisema.

Kabla ya kutoka alipiga magoti mbele ya mavyaa wake. "Mama, naomba radhi yako."

Bi Mwanaesha alikuwa ameketi katikati ya chumba cha manjano, pale pale kwenye godoro. "Nenda," alisema. "Radhi yangu unayo. Lakini mimi sitoki. Waje wanikwangue pamoja na ukuta."

Kaltuma akajifunika, akambeba Afiya, akavuka kizingiti. Jua lilimpiga machoni. Kichochoro hakikuwa kipana, mtu angeweza kukivuka kabla hajamaliza kusalimia, lakini siku ile kilijaa. Kulikuwa na wanawake wa foleni ya maji, na muuza mkaa aliyeugeuza uso haraka. Mmoja katika wale wa maji alisema, si kwa kunong'ona sana, "Eda gani hii ya kutembea? Mume hata kaburi halijakauka."

Kaltuma alisikia. Akampandisha Afiya begani.

"Eda ya kuvuka njia, dada," Gladys alimjibu yule mwanamke, akiwa ametangulia na kifurushi cha nguo kichwani. "Ulikuwa hujaiona. Leo umeiona."

Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo, ukuta wa udongo, sakafu imesiribwa upya. Kaltuma alimweka Afiya chini, kisha akakaa. Hakulia siku Msellem alipoletwa, kwa sababu watu walikuwa wengi mno. Sasa alilia, na Gladys akatoka akafunga mlango.

*

Vijana wa kaunti walifika na ndoo, mifuko na barakoa, wakakaa barazani. Hawakuweza kuanza. Bi Mwanaesha alikuwa bado ndani. Amjad alimsihi, akashindwa. Kadzo alivua viatu, akaingia peke yake. Dirishani kanga ilikuwa imetundikwa, na mwanga ulioingia ulikuwa hafifu.

"Umekuja kunitoa?"

"Nimekuja kukaa kidogo, mama. Nje kuna jua."

Wakakaa. Kadzo hakuwa na haraka, au aliificha. Baadaye akauliza, "Marehemu alikuwa na mazoea gani na brashi? Nimewaona mafundi wengine, wakitaka mstari mwembamba, hunyoosha ncha kwa midomo."

"Ndivyo alivyofanya." Bi Mwanaesha alitabasamu bila kutaka. "Tangu anajifunza kazi. Nikimwambia, mwanangu, rangi si asali. Yeye hucheka."

"Mikono ilikuwa yamsumbua?"

Bi Mwanaesha aligeuka. "Wewe ulijuaje?"

Kadzo alijisogeza karibu naye.

"Mwaka uliopita kikombe kilikuwa kikimponyoka. Mkono wa kulia ulilegea hapa, kwenye kifundo. Tukasema ni baridi yabisi. Nikimkanda kwa mafuta ya habasoda kila jioni. Tumbo nalo lilimsokota, akajikunja kama mtoto." Akamkazia macho Kadzo. "Wewe ulijuaje?"

"Mama, mimi si daktari. Sikumpima. Siwezi kusema kilichomuua."

"Sikukuuliza kilichomuua. Nimekuuliza ulijuaje."

"Mambo hayo huwapata watu wa kazi hiyo," Kadzo alisema. "Presha pia."

Bi Mwanaesha alitazama kiganja chake, akakipangusa kwenye kanga. Nje, mmoja wa vijana aliangusha ndoo, akakemewa.

"Na lau mngalikuja mwaka jana?"

"Mwaka jana hatukuwa na mashine, mama. Tuliiomba. Haikuwa imefika."

Hilo lilikuwa neno la kuudhi, na Bi Mwanaesha angeweza kulishika akagombana nalo mpaka jioni. Kadzo alikuwa tayari kwa hilo. Lakini mama mtu aliweka mkono mmoja sakafuni, akajiinua kwa taabu. Aliukaribia ukuta kando ya dirisha, mahali palipopekuliwa na ukucha wa mtoto, palipofanana na ramani ya visiwa. Hakupagusa.

"Naye alikuwa akila," alisema. "Baba na mwana wakila pamoja, na mimi nacheka."

Akatoka. Pale barazani vijana walisimama wote kwa pamoja, wengine wakiwa wameshavaa barakoa, wakamwamkia. Aliitikia. "Kwangueni vizuri," aliwaambia. "Msiache pembeni. Yeye alikuwa akipaka mpaka pembeni."

*

Kazi ilichukua zaidi ya wiki, kwa sababu ya mvua. Bi Mwanaesha alikaa kwa Amjad, akarudi Mambrui kila asubuhi, akaketi kwa Gladys. Kwa siku za mwanzo hakumsemesha Kaltuma ila ya lazima. Alimpakata Afiya, akamlisha ini vipande vidogo vidogo kwa mkono, akimhesabia kuku waliopita uani. Afiya aliwahesabu baadhi yao. Wengine aliwaruka.

Siku ya mwisho Kadzo alikuja na Dedan na mashine yao, kusema nyumba iko tayari. Bi Mwanaesha alimfuata nje. Yapo mengine, alisema. Kadzo hakumwelewa. Basi Bi Mwanaesha akajitanda buibui, akashika njia mbele yake, akasimama chini ya dirisha la nyumba ya tatu.

"Hili ni lake," alisema.

Wakaenda. Mlango wa muuza mkaa. Fremu mbili za nyumba ya fundi cherehani. Dirisha la chuo cha Kurani cha watoto, pale ukuta ulipogeukia bahari. Waliokuwa barazani walimwona mama wa Msellem akinyoosha kidole, na afisa akimfuata nyuma. Mwenye nyumba mmoja alitoka akasema yeye ana radhi na rangi yake, ni kumbukumbu ya marehemu. "Una watoto humo?" Bi Mwanaesha alimwuliza. Alikuwa nao. "Basi ni yangu mimi kuikumbuka, si yako," akamwambia, akamwita Dedan alete mashine.

Kaltuma alirudi, akamaliza eda yake katika chumba cheupe. Alioshwa, akavalishwa, akatoka kama desturi inavyotaka. Yule mwanamke wa foleni ya maji alikuwa miongoni mwa waliokuja kumpongeza, akala biriani, wala hapakutajwa kitu.

Siku hizi Afiya ana miaka minne na nusu. Chuoni anachelewa kushika herufi kuliko wenzake, na maalim wake ameambiwa sababu. Kila miezi mitatu hupelekwa Malindi kutolewa damu ya kupimwa. Risasi imepungua, haijaisha. Daktari amesema itachukua miaka, na yaliyokwisha kupotea hawezi kuyaahidi. Anayempeleka ni nyanya yake.